SOMO: KUSUBU NA KULAINISHA BRONZI KATIKA KARAKANA NDOGO

Bushi ya mashine ya kumenyea kahawa ni kitu kidogo cha kuenea kiganjani, lakini ikilika katikati ya msimu, kazi ya chama kizima husimama. Kahawa mbivu yapasa ipitishwe mashineni siku ile ile ilipochumwa. Ikilala huchacha, na daraja lake hushuka. Ndiyo sababu wanachama wenye karakana nyumbani hupenda kujaribu kusubu bushi wenyewe. Jaribio hilo ni jema, ila likifanywa bila maarifa laweza kumpofusha mtu na kukitia chama hasarani.

Mchanganyiko

Bronzi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Kwa bushi, kipimo kifaacho ni sehemu 9 za shaba kwa sehemu 1 ya bati, kwa uzito. Bronzi ya kilo 5 huhitaji shaba kilo 4.5 na bati nusu kilo.

Hapa wengi hukosea. Bati linalotakiwa si mabati ya kuezekea nyumba. Mabati hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye joto la digrii 907 hivi, kabla shaba haijayeyuka kwenye digrii 1,083. Hutoa moshi mweupe ambao humletea mwenye kuuvuta homa na kutetemeka. Risasi ya betri nayo isitiwe kamwe, kwa kuwa ni sumu.

Kusubu

Shaba hutangulia chunguni, ikiwa imefunikwa kwa makaa ili isiungue kwa hewa. Bati, ambalo huyeyuka kwenye digrii 232 tu, hutiwa mwisho. Kisha mchanganyiko hukorogwa, takataka za juu huondolewa, na kumiminwa hufanywa mara moja bila kukatiza. Kalibu iwe na mdomo mnene wa kulishia, kwa sababu bronzi hunywea ipoapo.

Adui mkubwa ni maji. Tone moja likikutana na metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara elfu moja, likarusha moto usoni mwa watu. Kwa hiyo kalibu ikaushwe kabisa, koleo na fimbo ya kukorogea zipashwe moto kwanza, na kazi ifanyiwe juu ya mchanga mkavu, wala si juu ya sakafu ya saruji. Viatu vya ngozi, kinga ya uso na mlango wazi si anasa.

Kulainisha

Mhunzi aliyezoea chuma cha pua hujua kwamba kukitia majini kikiwa chekundu hukifanya kigumu. Bronzi haina tabia hiyo. Ikipashwa hadi kuwa nyekundu hafifu, yaani digrii 650 hivi, na kuachwa humo kwa nusu saa au zaidi, bati lililojikusanya wakati wa kupoa huenea sawasawa, na metali hulainika. Isigongwe ingali nyekundu, maana hupasuka, ingojewe ipoe. Kila ikigongwa hukakamaa tena, na kulainishwa hurudiwa. Kwa kitu cha kugongwa au kukunjwa, bati lipunguzwe hadi sehemu 5 katika 100.

Bushi haihitaji kulainishwa. Vipande vidogo vigumu vilivyomo ndani yake ndivyo vinavyostahimili msuguano.

Wajibu wa Katibu na Kamati

Chakavu cha shaba kikipokelewa kipimwe, kiandikwe katika leja ya vifaa, na aliyekileta apewe stakabadhi. Nyaya za simu na umeme zaweza kuwa mali ya umma iliyoibwa. Chama kikizipokea bila kuuliza chaweza kuwa kimepokea mali ya wizi. Bushi ya akiba isubiwe kabla ya msimu, na ya zamani itunzwe iwe kielelezo. Mashine ijaribiwe kwanza bila kahawa, kisha isimamishwe ndipo bushi iguswe: ikiwa ya moto mno, ifunguliwe ikaguliwe.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini mabati ya kuezekea hayafai kutiwa chunguni?
2. Bronzi ya kilo 8 ya bushi huhitaji shaba na bati kiasi gani?
3. Mwanachama akileta shaba asiyoweza kueleza aliikopata, Katibu afanye nini?