Upupu na Majani Yawashayo



Kila kiangazi, nyasi zikaukapo, watoto wetu huchomwa na upupu. Mwaka mmoja tuliitwa shuleni mbio. Kijana alikuwa ametia upupu kitini pa mwenzake, kwa mzaha tu. Yule mwenzake alipowashwa alijikuna, kisha akajifuta uso kwa mkono ule ule, na vinywele vikamwingia machoni. Waliokuwapo wakamsugua kwa kitambaa kikavu, wakamsugua tena kwa kitambaa cha maji. Na kadiri walivyomsugua, ndivyo alivyozidi kulia. Hawakukosa huruma, walikosa maarifa. Basi na tujifunze habari hizi, ili tusimwumize yule tutakaye kumponya.

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa mimea iwashayo si ya namna moja. Hapa tutaitaja miwili.

Wa kwanza ni upupu wenyewe, ambao wataalamu huuita Mucuna pruriens. Ni mmea utambaao, wa jamaa ya kunde na maharagwe, nao hupanda juu ya miti na vichaka. Majani yake si ya kuogopwa sana. Hatari imo katika maganda yake, yaliyofunikwa na vinywele vya rangi ya kahawia kama manyoya laini. Maganda yakikauka, vinywele hutoka upesi, hata upepo huvichukua. Kwa hiyo mtu aweza kuwashwa bila kugusa mmea.

Wa pili ni jani liwashalo la milimani, liitwalo na wataalamu Urtica massaica. Wakikuyu huliita thabai. Huota penye baridi na unyevu, kando ya misitu na mahali palipolala ng'ombe. Huu huchoma kwa majani na shina, nao huchoma saa ile ile uguswapo.

Tena namna zao za kuchoma ni mbalimbali. Unywele wa jani la milimani ni kama sindano ya daktari: ndani una uwazi wenye maji makali, na ncha yake ni ngumu, yavunjika kama kioo. Ukiugusa, ncha huvunjika, na maji yale huingia ngozini. Mwingereza Robert Hooke alizitazama sindano hizi kwa hadubini, akaandika habari zake mwaka 1665. Katika maji yale imo histamini, nayo hufanya ngozi kuvimba na kuwaka.

Lakini vinywele vya upupu hujichoma ngozini na kukaa pale pale, vikileta mwasho kwa kitu kiitwacho mukunaini, kilichoelezwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1955. Mwasho huu hautoki katika histamini. Ndiyo sababu vidonge vya kuzuia histamini, visaidiavyo katika mizio mingine, havifai sana kwa upupu. Dawa yake ya kwanza ni kuviondoa vinywele vyenyewe.

Watu husema dawa ya moto ni moto. Lakini dawa ya mwasho si kukuna. Kila ukikuna, wavisukuma vinywele ndani zaidi, na vile vilivyo juu wavieneza mahali pengine. Basi fanyeni hivi:

1. Mtoeni mgonjwa mahali penye upupu, mkamzuie asijikune wala asiguse macho.

2. Mvueni nguo zake polepole. Msizikung'ute karibu na watu, bali zilowekeni majini, mkazifue peke yake.

3. Chukueni kitu chenye kunata, kama plasta au donge la unga uliokandwa, mkakibandike ngozini na kukibandua bila kusugua. Rudieni mara nyingi, kila mara kwa plasta au donge jipya.

4. Kisha mwagieni maji mengi na sabuni. Mkaushaji asisugue kwa taulo, bali agusegushe tu. Kitambaa cha maji baridi hupunguza uchungu.

5. Vikiingia machoni, osheni kwa maji safi yatiririkayo kwa muda mrefu, mkampeleke hospitali upesi. Msitie utomvu wa mti, wala mafuta, wala dawa yo yote ya kubahatisha.

6. Mgonjwa akivimba midomo au akipumua kwa shida, msingoje hata kidogo. Apelekwe kwa daktari mara moja.

Kwa jani la milimani fanyeni vivyo hivyo. Uchungu wake mara nyingi hupoa kwa saa chache.

Hata hivyo mimea hii ina faida yake. Majani machanga ya thabai yakipikwa hayachomi tena, nayo ni mboga njema. Iko na namna ya upupu isiyowasha, ambayo wakulima huipanda ili kurutubisha udongo. Lakini ule uwashao, ukiota karibu na shule au njia ya kisima, ung'oeni mapema kabla haujafanya maganda.

Yule mtoto alioshwa macho, akapelekwa hospitali, akapona. Aliyeutia upupu alilia kuliko yeye, maana hakudhani mzaha wake ungefika machoni. Basi wazazi na walimu, waambieni watoto mapema, kabla maganda hayajakauka: upupu si kitu cha kuchezea.