Mazoezi kwa Mama Asiyeweza Kuzuia Mkojo

Wako akina mama wengi ambao, tangu walipojifungua, hawawezi kupiga chafya, kukohoa wala kujitwika mzigo bila mkojo kuwatoka. Hawamwambii mtu. Huvaa nguo mbili au tatu, hujinyima maji ya kunywa, na kanisani huketi karibu na mlango. Na aliye Mwislamu hurudia kutawadha kwa mashaka juu ya sala yake. Wakimwuliza mzee, huenda wakajibiwa kwamba ndiyo malipo ya uzazi. Neno hilo si kweli, nalo limewafungia wengi nyumbani bure.

Chini ya kiwiliwili, toka mfupa wa kinena mbele hata kifandugu nyuma, imewambwa misuli mfano wa kamba za kitanda. Juu yake hukaa kibofu, tumbo la uzazi na mwisho wa utumbo. Mimba huilemea misuli hiyo miezi tisa, na kuzaa huivuta sana. Kikohozi cha siku nyingi, choo kigumu na umri mkubwa pia huidhoofisha. Lakini kitanda kilicholegea hakitupwi. Kamba zake hukazwa.

Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari za mazoezi ya kuirudishia misuli hiyo nguvu. Alitumia chombo chenye saa ya kupimia, ili mwanamke aone kwa macho yake kama amekaza kweli au hakukaza. Chombo hicho kilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa misuli hii haionekani, na wanawake wengi wakiambiwa wakaze husukuma chini kama wanaokwenda haja. Na kusukuma hivyo huzidisha taabu.

Basi kazi ya kwanza ya mtaalamu wa tiba ya viungo ni kumsaidia mama aitambue misuli yenyewe. Mama hukaza kana kwamba anazuia upepo na mkojo kwa pamoja, akivuta kwenda juu na ndani. Makalio na mapaja yasikazwe, wala pumzi isizuiwe. Hushika kwa sekunde chache, kisha hulegeza kabisa. Na huko kulegeza ni nusu ya zoezi. Afanye hivyo mara 8 au zaidi, mara 3 kila siku, kwa muda wa miezi 3 angalau. Wengi huacha baada ya majuma mawili wakisema dawa haifai, hali misuli haijapata hata nafasi ya kukua. Kadhalika hufundishwa kukaza kabla tu ya kukohoa au kuinua ndoo. Haifai kuyafanya mazoezi haya kwa kukatiza mkojo chooni kila mara, maana kibofu chaweza kuzoea kutojimaliza.

Wanaume nao, hasa waliotolewa tezi-dume, hufundishwa mazoezi hayo hayo. Hilo si jambo la kuchekwa.

Hata hivyo si kila mtu apasaye kukaza. Wako ambao misuli yao imekakamaa kupita kiasi, nao huumwa nyonga au huona maumivu wanapokutana na waume zao. Hao hufundishwa kupumua taratibu na kulegeza. Wakijikazia nyumbani kwa kusikia habari za jirani, hujiongezea maumivu.

Tena, mama ambaye mkojo humtiririka usiku na mchana bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ana tundu kati ya kibofu na uke. Tundu kubwa halizibwi kwa mazoezi, bali kwa upasuaji. Na aende hospitali upesi. Na yule mwenye taabu ndogo ya kikohozi na chafya, siku ampelekapo mtoto kuchanjwa na amwambie muuguzi habari zake mwenyewe pia, kwa maana muuguzi hawezi kujua asiloambiwa.