Jezi, Duka na Kikundi: Ushirikiano wa Kudumu Kisumu na Kando ya Ziwa

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa timu, wenye biashara, na wanaoendesha vikundi vya jamii kuanzia Nyalenda na Manyatta hadi Mbita na Usenge. Mara nyingi timu na mfanyabiashara hukutana, wakaelewana, wakapiga picha. Kikundi huitwa siku ya kupokea hundi. Utaratibu huo ubadilike. Kikundi kinachotunza mayatima au wagonjwa kiketi mezani tangu kikao cha kwanza, maana ndicho kitakachobaki na watu hao msimu ukiisha.

Mdhamini akiyumba

Watu wa ukanda huu wameyaona mazuri ya udhamini na machungu yake. Chemelil Sugar ilikuwa timu ya kiwanda. SoNy Sugar ya Awendo vivyo hivyo, na mwaka 2006 ilitwaa ubingwa wa ligi kuu. Timu hizo zilitegemea viwanda vilevile ambavyo mkulima wa miwa alivitazamia malipo yake. Viwanda vilipoelemewa na madeni, timu nazo zikadhoofika. SoNy iliondolewa ligini mwaka 2019 baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu, na Chemelil ikashushwa daraja msimu uo huo. Western Stima, waliokuwa wakichezea Kisumu, walipoteza udhamini wa Kenya Power mwaka 2020. Hata Gor Mahia, waliotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, walibaki bila mdhamini mwaka 2019 pale kampuni ya kamari ya SportPesa ilipofunga shughuli zake nchini katika mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi.

Ikiwa Gor Mahia, pamoja na umati wake wote wa mashabiki, iliweza kuachwa kwenye mataa, kituo cha watoto chenye walezi wachache kitaponea wapi? Ushauri wetu ni huu: pesa za mdhamini mmoja zisiwe ndizo pekee zinazonunua chakula cha kila siku. Zielekezwe kwanza kwa vitu vitakavyobaki: tangi la maji, cherehani, ada ya kijana anayesomea ufundi hadi amalize. Unga, dawa na posho za walezi vitafutiwe angalau vyanzo viwili.

Jasho nalo ni mchango

Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1987, kiliweka kanuni ambayo timu zetu zinaweza kuiga kesho: timu inayosafisha mtaa wake huongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Kijana anajua kwamba mtaro uliozibuliwa unaweza kumpandisha juu ya wapinzani wake. Nyalenda, ambako Mto Auji hufurika na maji kuingia majumbani, kazi ya namna hiyo haihitaji kuelezwa zaidi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi atoe mikokoteni, reki na glavu. Timu itoe mikono. Kikundi cha mtaa kiamue ni mtaro upi unaoanza. Ila mpange mapema na kaunti lori la kuzoa taka. Takataka zikiachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza itazirudisha mtaroni.

Langoni na kando ya uwanja

Njia nyepesi ya kuchangisha ni kutenga sehemu ya kiingilio. Tuseme kila tiketi inakatwa shilingi 10, na mashabiki 1,200 wameingia: hizo ni shilingi 12,000. Biashara iahidi kuongeza kiasi kama hicho, na jumla inakuwa 24,000. Itangazwe kwa kipaza sauti kabla watu hawajatawanyika, ikitajwa itanunua nini. Pesa zipitie nambari ya M-Pesa ya kikundi chenyewe, kamwe zisipitie simu ya kocha, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Siku ya mechi pia huvuta vijana ambao hawakanyagi zahanati. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini, kwa hiyo hema la upimaji uwanjani lina maana kubwa. Lakini tazameni linapowekwa. Mlango wake ukielekea jukwaani, kila anayetoka atasomwa uso na mtaa mzima, na wengi hawataingia. Geuzeni mlango, wekeni pazia, na bendera ya mdhamini isimamishwe mbali na hapo.

Karatasi

Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kumdai mtu ahadi yake kwa urahisi. Watu 10 au zaidi wanaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mashirika makubwa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Klabu husajiliwa na Msajili wa Michezo. Mfanyabiashara naye aulize kama shirika lina cheti cha msamaha wa kodi kutoka mamlaka ya mapato, KRA, kwa kuwa mchango wa pesa taslimu kwa shirika la aina hiyo unaweza kuondolewa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi.

Kuhusu watoto hatuna nafasi ya kubembeleza: jezi za watoto zisibebe nembo ya kampuni ya kamari, hata kama ndiyo pekee iliyojitokeza. Picha ya mtoto anayelelewa kituoni isibandikwe dukani.

Mwisho, andikeni namna ya kuachana. Mkataba useme mdhamini atatoa notisi ya miezi isiyopungua mitatu, vifaa vitabaki na nani, na nani atamaliza ada ya mwanafunzi aliye katikati ya kozi. Kila upande uweke nakala iliyotiwa sahihi. Ya kikundi itunzwe na mweka hazina pamoja na daftari la mapato, ambalo mwanachama yeyote akiomba kuliona, aonyeshwe siku hiyohiyo.