Nyanya Yangu Imeoza au Ameoza? Somo la Ngeli Kutoka Shambani

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kidato cha tatu. Chama kimeniomba niandike juu ya ngeli. Najua wengi wenu mkisikia neno hilo mnafunua ukurasa mwingine upesi. Ngojeni kwanza! Somo hili sikulipata darasani pekee. Nililipata shambani, na nusura linikoseshe karo.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita cucu, alikuwa na robo ekari ya nyanya kule Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Alizipanda kwa nia moja tu: karo yangu ya muhula wa tatu. Kumbe majirani nao walipanda wakati ule ule! Ilipofika likizo ya Agosti, zote zikaiva pamoja. Broka ambaye mwezi wa Juni alinunua kreti kwa shilingi 4,000 sasa akasema 700.

"Cucu, soko limejaa. Hata hizi nachukua kwa kukuhurumia," alimwambia.

Nyanya akakataa katakata. Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri, lakini nyanya za shambani hazijui methali hiyo. Zilianza kuoza zikiwa kwenye kreti.

Shule zilipofunguliwa, kila mwanachama alitakiwa aeleze habari za likizo. Nikasimama, nikasema kwa huzuni, "Wenzangu, nyanya yangu ameoza." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mlezi wa chama hakucheka. Aliniuliza tu, "Pole sana. Mazishi ni lini?"

SOMO LA KWANZA: NGELI

Neno "nyanya" lina maana mbili: tunda na mama wa mzazi wako. Huko Mombasa tatizo hili ni dogo, kwani tunda hilo wengi huliita tungule. Sisi wa bara tunatumia neno moja, kwa hivyo tuwe macho.

Nyanya (mzazi) yuko katika ngeli ya A-WA. Nyanya (tunda) iko katika ngeli ya I-ZI. Tazama:

Nyanya huyu mkubwa amefika. (mzazi)
Nyanya hii kubwa imefika. (tunda)
Nimemwosha nyanya. (mzazi)
Nimeiosha nyanya. (tunda)

Mtego uko kwenye kimilikishi. Twasema "mwalimu wangu", lakini majina mengi ya jamaa huchukua "yangu" na "zangu": mama yangu, shangazi yangu, nyanya yangu. Hivyo ukisema "nyanya yangu" na kunyamaza, hakuna ajuaye unazungumzia nani au nini. Kitenzi ndicho kitakachokuokoa au kukuaibisha. "Nyanya zangu wameketi" ni wazazi. "Nyanya zangu zimeoza" ndiyo sentensi niliyopaswa kusema siku ile.

SOMO LA PILI: MAONYESHO

Jumamosi moja ya Septemba, nyanya alinichukua tukapanda matatu hadi maonyesho ya kilimo ya Nyeri, uwanja wa Kabiruini. Maonyesho haya huandaliwa na Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho kilianzishwa mwaka wa 1901. Mimi, kusema kweli, nilifuata bembea na ng'ombe wa maziwa wanaopewa utepe. Nyanya alifuata shida yake. Alizunguka banda hadi banda akiuliza swali moja: "Nyanya zikizidi, mtu afanye nini?"

Mama mmoja katika banda la vyakula akatuonyesha nyanya zilizokaushwa. Alitufundisha hivi:

1. Chagua zilizoiva lakini bado ngumu. Iliyooza tupa, usiihurumie.
2. Osha, kata vipande vyembamba vya nusu sentimita hivi, nyunyiza chumvi kidogo.
3. Panga juu ya chanja iliyoinuliwa, ufunike kwa kitambaa chepesi safi ili nzi wasitue. Usitumie chandarua cha kulalia, kwa sababu kina dawa ya wadudu.
4. Anika siku tatu au nne za jua kali. Usiku ingiza ndani, maana umande huzilowesha tena.
5. Kikiwa tayari, kipande hukunjika kama ngozi na hakitoi maji ukikibana. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Msishangae mkiona zimebaki kidogo. Nyanya ni maji matupu, karibu asilimia 95. Katika kilo 20, kilo 19 ni maji!

Tulirudi nyumbani, tukajenga chanja kwa fito. Za kwanza ziliota ukungu kwa uvivu wangu: nilisahau kuziingiza usiku. Nyanya hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, hiyo ilikuwa kalamu yako na daftari lako." Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko. Tangu siku hiyo niliamka kabla ya jogoo na kurudi kutoka shule mbio kabla ya umande.

Je, karo ilipatikana? Si yote. Za kukausha tuliwauzia walimu na hoteli moja ya sokoni, tukapata shilingi 2,600. Kreti nne zilimwendea broka kwa bei yake ile ile. Salio tunalipa kidogo kidogo. Lakini msimu ujao nyanya atapanda kwa zamu, sehemu leo na sehemu baada ya wiki tatu, ili zisiive zote siku moja.

ZOEZI

Sahihisha sentensi hizi:

(a) Nyanya yangu imeenda kanisani.
(b) Tulimkatakata nyanya tukamwanika juani.
(c) Nyanya wangu ananipenda sana.

Ukishindwa na (b), tafadhali usije kwetu likizoni.