Ukiitwa Utie Akiba Yote Duarani

Jirani yako huko Lwamgasa, Geita, anakuonyesha jiwe lenye chembe za manjano zinazoonekana kwa macho. Duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, limefika mita 40. Amebakiza kidogo tu afike kwenye mwamba wenyewe, anasema, ila fedha za dizeli, baruti na chakula cha vijana zimemwishia. Ukitoa milioni 3 leo, moja ya tano ya mali ni yako. Na milioni 3 ndiyo akiba yako yote.

Usimjibu kwa kulitazama lile jiwe. Katika ukanda wa Geita dhahabu nyingi hukaa kwenye mishipa inayonenepa na kusinyaa, na hata ndani ya mshipa mmoja haikutawanyika sawasawa. Jiwe lililochaguliwa linakueleza habari za lenyewe tu. Kama matimba, yaani magogo yanayozuia shimo lisiporomoke, ni imara, shuka na mtu anayeujua mwamba. Chukueni vipande kukatiza upana wote wa mshipa, sehemu kadhaa, bila kufuata panapong'aa. Twangeni vyote, changanyeni, kisha nusu ioshwe kwenye karai na nusu iende maabara. Unachotaka kujua ni gramu ngapi kwa tani.

Uliza pia marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua, ni ya nani. Karasha, mashine ya kusaga mawe, na zebaki huacha dhahabu nyingi kwenye mchanga huo, na anayeuchenjua kwa sianidi ndiye huipata. Makubaliano yakinyamaza juu ya marudio, umeuza sehemu ya fungu lako bila bei.

Sasa piga hesabu. Toa fungu la mwenye leseni, gharama za karasha, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, viwango vilivyowekwa mwaka 2017. Tuseme duara likitema, yaani likitoa dhahabu, moja ya tano yako itakuwa milioni 12. Basi ili milioni 3 zisiwe hasara, maduara kama hili lazima yateme angalau moja kati ya manne. Zunguka yaliyo kwenye mstari uleule wa mwamba, yaliyofika kina hicho, uhesabu. Hesabu na yaliyoachwa, maana wenyewe wameshahamia rashi nyingine, na pale kijiweni utawakuta waliopata tu.

Lakini nafasi hiyo hutegemea pia anachojua anayekuita, na wachezaji wa poka wanalijua jambo hili vizuri. Jozi ndogo ikikutana na karata mbili kubwa zisizofanana, nafasi ni karibu nusu kwa nusu; ikikutana na jozi kubwa kuliko yenyewe, inashinda kama mara moja kati ya tano. Karata zako hazijabadilika, kilichobadilika ni alichoshika mwenzako. Kwa hiyo mchunguze anayekuita. Yeye ameshuka kila siku, wewe hujashuka. Kwa nini anauza fungu sasa, akiwa karibu hivyo? Wadau wa mwanzo wako wapi? Kama waliokuwa wakimlisha wamejitoa mwezi huu, watafute wao kabla ya kumjibu yeye.

Hata hesabu ikikubali, milioni 3 zote usitoe. Hili nalisisitiza kuliko yote. Duara ni nadra kuomba fedha mara moja: maji yataingia, pampu itahitajika, mwamba utapinda. Asiye na kitu mfukoni wakati huo hupunguziwa fungu au hutolewa kabisa, na wengi wametoka mikono mitupu kwenye maduara yaliyotema baadaye. Omba kuingia kwa milioni 1, upate fungu moja kati ya 15. Bei ni ileile, na milioni 2 zinabaki kwako.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha kwa Afisa Madini Mkazi kwamba leseni ndogo ya uchimbaji ya eneo hilo ni hai na mwenye leseni anautambua mkataba wenu. Uandikwe, utiwe saini mbele ya mashahidi, utaje marudio kwa jina. Fedha zitoke kwa awamu kulingana na mita zilizochimbwa, na kila awamu vipande vipya vipimwe kabla ya kutoa inayofuata.