Moyo na Akili Unapochagua Pa Kuishi

SOMO LA JUMA
Masomo: Mwanzo 13:5–13, Ruthu 1:6–18 na 2:1–3, Luka 14:28–30



Mwisho wa mwezi hapa Jomvu Kuu hukosi kuona mkokoteni umebeba kitanda, godoro na masufuria. Mtu anahama. Kodi imepanda, au maji yamekatika wiki ya tatu, au amegombana na jirani. Mwingine anajiuliza kama anunue ploti kule Mazeras, au arudi nyumbani Rabai akae karibu na wazazi. Na katika maombi ya katikati ya juma ombi hili halikosi: "Mtumishi, niombee, nataka kuhama."

Tutaomba, ndiyo. Lakini leo tujifunze kwanza jinsi ya kuamua.

1. Lutu alipiga hesabu, lakini hakuimaliza

Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikutosha mifugo yao. Abramu, ingawa ndiye mkubwa, akamwachia Lutu achague. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali. Akalichagua.

Tumezoea kumsema Lutu kwamba alikuwa na tamaa. Tuwe wa haki. Mwenye mifugo kutafuta maji si dhambi, ni akili. Kosa ni kwamba hesabu yake iliishia kwenye nyasi. Hakuuliza majirani ni watu gani. Akasogeza hema lake mpaka Sodoma, na tukifika sura ya 19 tunamkuta amebaki bila mali wala mke.

Sasa sikia. Wako wapendwa waliohama mbali kwa sababu kodi ni nafuu. Kwenye karatasi wameokoa elfu mbili kwa mwezi. Lakini baba anatoka saa kumi alfajiri ili awahi kazi bandarini, jioni anakwama kwenye barabara ya Nairobi katikati ya malori, na akifika watoto wamelala. Nauli imekula zile elfu mbili, na ushirika wa nyumbani ameuacha. Pesa alizihesabu vizuri. Watoto hakuwatia kwenye hesabu.

2. Ruthu alifuata moyo, lakini alifanya kazi

Naomi alimpa Ruthu sababu nzuri za kubaki Moabu: nyumba ya mama yake iko huko, na huko anaweza kuolewa tena. Orpa alisikia akarudi, na Biblia haimlaumu. Ruthu alikataa kumwacha mama mkwe wake. Ulikuwa ni upendo.

Lakini angalia sura ya 2. Wamefika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, na Ruthu hakai kitako kungoja muujiza. Anaomba ruhusa aende kuokota masazo shambani. Moyo ulichagua mahali, akili ikatafuta chakula cha siku ile. Mungu alitumia vyote viwili.

3. Si kila amani ni sauti ya Roho

Hapa nitajisema mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipata nyumba ya kununua kwa bei nafuu, mtaa mmoja wa huku bara. Nilikuwa nimechoka na mwenye nyumba wetu, ambaye kila tarehe tano alibisha mlango kwa mateke. Nikafunga siku tatu. Siku ya tatu nikasikia amani moyoni, nikasema Bwana amejibu.

Mke wangu alikwenda kuiona, akarudi kimya. Usiku akaniambia, "Baba watoto, nyumba nimeiona. Na udongo je, ni wa nani?"

Nilikasirika. Nikamwambia hana imani. Nikatoa arubuni.

Wenyeji wa Mombasa mnajua ninachokuja kusema. Hapa kwetu kuna nyumba bila ardhi: kuta ni zako, lakini ardhi ni ya mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Haikupita mwaka, ardhi ile ikauzwa na tukaambiwa tuondoke. Arubuni haikurudi.

Nilipotulia nikaona jambo la kuniaibisha. Ile niliyoiita amani ya Mungu ilikuwa ni furaha ya kuondokewa na kero. Na sauti ya Mungu? Naamini ilikuwa lile swali la mke wangu. Roho Mtakatifu haogopi maswali. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama.

4. Moyo na akili vikitembea pamoja

Tuna mfano karibu hapa, Owino Uhuru, Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya makazi ya watu. Wenyeji hawakukifuata kiwanda, kiwanda kiliwafuata wao. Wahame? Waende wapi? Nyumba zao zilikuwa pale, majirani pale, riziki pale.

Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa kiwandani humo. Mtoto wake mchanga akaugua, na damu ilipopimwa ikakutwa na risasi, yaani ile madini yenye sumu. Uchungu wa mama ukamsukuma asikae kimya. Lakini uchungu peke yake usingetosha. Watoto wengine wakapimwa pia, ushahidi ukakusanywa, kesi ikafunguliwa. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa wakazi haki yao.

Kupenda mahali ni vizuri. Lakini ukipapenda, papime pia.

5. Kabla hujatoa pesa

- Nenda mara tatu: mchana, usiku, na siku ya mvua. Mvua husema kweli kuliko dalali.
- Uliza maji yanatoka wapi, ni ya chumvi au matamu, na mtungi ni bei gani. Piga nauli ya mwezi mzima, ya kazini, shuleni na kanisani.
- Ukinunua, kumbuka nyumba na ardhi ni vitu viwili. Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukaone jina lililoandikwa. Wakili ni ghali, lakini arubuni iliyopotea ni ghali zaidi.
- Ipe hisia yako jina. Ni hasira? Hofu? Kushindana na ndugu zako? Au ni upendo? Kama ni hasira, ngoja ipoe ndipo uamue.
- Msikilize mwenzako, hasa akikuuliza swali usilolipenda.
- Kisha omba, ukiwa tayari Mungu akwambie "hapana".

Nawe mama mjane unayeambiwa uuze nyumba kwa sababu ni kubwa mno kwako: mapenzi yako kwa nyumba ile si ujinga. Yatie kwenye hesabu pamoja na mengine, kwa maana nayo ni kitu cha kweli. Lakini yasiwe ndiyo hesabu yote.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Lutu angeuliza maswali gani kabla ya kuchagua bonde?
2. Je, umewahi kuita hisia zako "sauti ya Mungu"? Ulijuaje baadaye?
3. Nyumbani kwako, ni nani asiyesikilizwa mnapoamua kuhama?

Tuombe
Baba, tupe pa kuishi. Tupe macho yanayoona zaidi ya nyasi, na moyo usioogopa ukweli. Utufundishe kuwasikiliza uliotupa tuishi nao. Katika jina la Yesu, Amina.