Afya: Usikubali Mtoto Ang'olewe Meno Machanga

Leo tujifunze juu ya meno ya watoto wetu. Soma polepole. Ukimaliza, jibu maswali yaliyo mwishoni.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miezi saba huko Mgeta anaharisha. Mwili una joto. Bibi yake anamfungua kinywa, anaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi. Anasema, "Mwanangu, huyu ana meno ya nailoni. Tumpeleke kwa fundi akang'olewe, la sivyo tutampoteza." Je, mama afanye nini?

Meno ya nailoni ni nini?

Wengine huyaita meno ya plastiki. Imani hii ilisikika sana Tanzania katika miaka ya 1980, na mpaka leo haijaisha. Lakini hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Vile vivimbe ni chonge za utoto ambazo bado hazijatoka. Hutoka mtoto akifika kama mwaka mmoja na nusu. Kila mtoto anazo, mzima na mgonjwa.

Basi kuharisha kunatoka wapi? Mtoto wa umri huo ameanza kula uji na kutambaa. Kila anachookota anatia mdomoni. Uchafu ndio unamletea kuharisha. Homa nayo yaweza kuwa malaria.

Fundi huchimba ufizi kwa kisu au msumari. Mtoto hutoka damu nyingi. Anaweza kupata pepopunda. Wako waliokufa. Na ule ugonjwa wenyewe umebaki pale pale.

Kwa nini meno hupinda?

Chini ya chonge ya utoto kuna mbegu ya chonge ya ukubwani. Hiyo hutoka kwenye miaka 11 hivi. Fundi akiiharibu, jino litatoka limepinda, au bovu, au halitatoka kabisa.

Ziko sababu nyingine:

1. Jino la utoto limeoza, likang'olewa mapema. Meno ya jirani yanaegemea pengo. Jino jipya linakosa nafasi.
2. Mtoto ananyonya kidole mpaka umri wa shule. Meno ya mbele yanatokeza nje.
3. Jino la utoto halitoki, huku la ukubwani linaota nyuma yake.
4. Mtoto amerithi kwa wazazi.

Meno yaliyobanana hayasafishiki vizuri. Chakula hukwama, nayo huoza.

Uende wapi?

Mtoto akiharisha, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Endelea kumnyonyesha, na umpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kwa shida ya meno pia, anza zahanati. Ikibidi, mganga atakuandikia barua uende kwa daktari wa meno, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, mjini Morogoro. Meno yaliyopinda sana hunyooshwa kwa waya. Hiyo ni kazi ya bingwa, kama wale wa Muhimbili, Dar es Salaam, na mara nyingi huchukua mwaka au zaidi. Kuzuia ni rahisi kuliko nauli hizo.

Sasa turudi Mgeta. Mama yule amjibu bibi kwa heshima: "Mama, sikupingi. Lakini mtoto anaishiwa maji. Twende wote zahanati sasa hivi."

Maswali

1. Vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto ni nini?
2. Taja sababu mbili za meno kupinda.
3. Zahanati ya kwenu iko wapi? Andika jina lake.
4. Msomee jirani somo hili.